Askari wa amani angepitia Kasulu kwanza

Nikialikwa kuzungumza na askari wanaojiandaa kwenda misheni za amani za Umoja wa Mataifa, huwa napangiwa saa nane mchana. Asubuhi yote ni redio za mawasiliano, mabomu ya kutegwa ardhini, usomaji wa ramani, malaria na maji salama. Kisha watu wanakula wali na nyama, wanarudi ukumbini wamelegea, na hapo ndipo anapokaribishwa "mama wa jinsia". Wengine wameshaanza kusinzia kabla sijashika kipaza sauti. Siwalaumu. Mada ukiipanga saa ya usingizi, umeshawaambia wasikilizaji ina uzito gani.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Nimefanya kazi za huduma za jamii kwenye kambi za wakimbizi Kasulu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Sasa nimestaafu, nauza mawese na dagaa pale Mwanga, na nikiitwa nakwenda. Masuala ya jinsia sikuyasomea chuo chochote, niliyakuta kwenye foleni ya mgao.

Sisi wa Kigoma hatujapigana vita vya majirani zetu, ila vyote vimepita sebuleni kwetu. Mwaka 1972 Warundi walivuka, na wengi wakapelekwa mbali na mpaka, Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wakaja wengine. Mwaka 1994 ikawa zamu ya Rwanda. Mwaka 1996 Wakongo wa Fizi, Baraka na Uvira walivuka ziwa usiku kwa boti za uvuvi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Oktoba ya mwaka huo huo, ng'ambo ile, hospitali ya Lemera ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Denis Mukwege, huyu ambaye baadaye alianzisha Hospitali ya Panzi Bukavu na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad kwa kazi yake ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Dunia ilimjua baadaye sana. Akina mama wa upande ule tulikuwa tumeshawapokea ufukweni, wameloa, hawasemi.

Halafu Mei 2015, Kagunga. Kijiji kile kimebanwa kati ya mlima na maji, huwezi kukifikia kwa gari. Kilijaa maelfu kwa maelfu ya Warundi, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba hadi mjini, wakapokewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini.

Kwa hiyo huwa najiuliza kwa nini mkoa wenye maarifa yote haya unaletewa slaidi zilizoandikwa New York ili uelezwe maisha ya mwanamke baada ya vita.

Slaidi zenyewe hazina kosa. Zinaanza na Azimio 1325 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, la kwanza kutamka kwamba wanawake wana nafasi yao katika kuzuia vita, kujadili amani na kujenga upya nchi. Zinataja Tamko la Windhoek, Namibia, la Mei mwaka huo huo, lililodai kwamba misheni za amani zenyewe zijitazame: nani yumo, nani anaulizwa, nani anafundishwa. Zinakuja na Azimio 1820 la mwaka 2008, lililosema wazi kuwa ubakaji unaweza kutumika kama mbinu ya vita na kwamba unaweza kuwa uhalifu wa kivita. Yote mazuri. Askari anayaandika kwenye daftari kama alivyoandika idadi ya mabomba ya maji, na akiulizwa kwenye mtihani anapata. Kisha anapanda ndege.

Shida yangu iko kwenye sehemu inayofuata, ya makatazo. Usifanye hiki, usifanye kile, kuna kadi ya kuweka mfukoni. Kijana wa miaka 26 aliyelelewa kwenye nyumba, mtaa na kambi zenye mazoea yao hasikii katazo kama wewe unavyolisikia. Analipima kwa sheria za kwao.

Koplo mmoja, kijana mwenye adabu zake, alisimama akaanza kwa salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba usinielewe vibaya. Tuseme huko tunakokwenda kuna binti wa miaka kumi na sita. Ananipenda, wazazi wake wameridhia, na mimi nina nia njema. Hata hapa kwetu binti wa kumi na tano anaruhusiwa kuolewa. Sasa kosa langu lipo wapi?"

Ukumbi ulicheka, kicheko cha watu wanaosubiri jibu. Hakukuwa na aliyelala tena.

Na kijana hakubahatisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 akashinda: vifungu vile vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Gyumi yuko sahihi, sheria irekebishwe. Marekebisho yakawa hadithi ndefu. Kwa hiyo tunamfunga koplo huyu begi mgongoni, tunamwambia dunia inakataza, huku kwao bado wanabishana. Halafu tunashangaa akiuliza.

Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003 haubishani. Kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, hata kama sheria za mahali hapo zinasema vingine. Kusema "nilidhani ni mkubwa" hakukusaidii. Na hata akiwa mtu mzima, kumpa pesa, kazi, chakula au kitu chochote ili upate ngono ni marufuku. Ningeweza kumsomea hivyo akakaa. Badala yake nikamuuliza:

"Mwanangu, wewe huko una nini?"

"Nina kazi."

"Una bunduki. Una mshahara na posho. Una chakula cha kopo, una gari, una daktari, na una tiketi ya kurudi nyumbani. Yeye ana nini?"

Akafikiri. "Ana wazazi wake."

"Na wazazi wana nini?"

Koplo alinyamaza. Aliyejibu alikuwa mwenzake wa safu ya nyuma kabisa, ambaye hata sikumwona uso: "Wana njaa."

Nikawaambia huo ndio mtihani na wameshaufaulu, tuendelee.

Naamini kabisa kwamba mada yote hii ingeanzia hapo, kwenye njaa, na sheria zikaja nyuma yake. Miaka ile kambini tulikuwa na fomu ya kuandikia matukio. Mama mmoja wa Kikongo alikaa mbele yangu, akaniambia kuhusu mwanaume aliyekuwa na ufunguo wa ghala. Fomu ilikuwa na visanduku: alilazimishwa, au alikubali. Nilimuuliza kama fomu ilivyotaka. Akanitazama, akasema: "Sikuitika, mama. Nilikuwaka na njaa tu." Hakuna kisanduku kilichotosha jibu hilo. Niliyaandika maneno yake pembeni ya karatasi, kama alivyoyatamka, nikagoma kuweka tiki. Fomu ilirudishwa kwangu ikiwa imezungushiwa alama nyekundu, nami nikaipeleka tena vilevile.

Njaa ya kambini ina hesabu zake, na askari hawezi kuwalinda watu asiojua hesabu zao. Mgao ni unga, mbaazi au maharage, mafuta na chumvi. Unga hauliwi mbichi, na kwa muda mrefu mgao haukuwa na kuni. Maharage makavu yanachemka saa kadhaa. Kadiri yanavyochelewa kuiva ndivyo kuni zinavyokwisha, na kuni zikiisha mwanamke anakwenda porini. Karibu na kambi miti imekwisha zamani, kwa hiyo anakwenda mbali, nje ya eneo analoruhusiwa, ambako wenyeji nao wamechoka kukatiwa miti yao. Huko ndiko wanakokutana na wabakaji. Kwa hiyo mtu aliyekaa ofisini akichagua aina ya chakula cha kuleta, amechagua pia mwanamke ataingia msituni mara ngapi kwa wiki. Huwa nalieleza hili polepole, kisha nalirudia, kwa sababu ni hapa ambapo wanaume wenye vyeo hukunja paji la uso. Walidhani jinsia ni mambo ya vyumbani, kumbe ni lojistiki, na lojistiki wanaijua.

Kisha kuna kadi. Kadi ya mgao ikiandikwa jina la mume, mume akihamia kwa mke mwingine, kadi inaondoka naye. Mke anabaki na watoto na sufuria. Nimeshuhudia wanawake wakivumilia vipigo kwa sababu ya kipande cha karatasi, na majirani wakisema "anampenda sana mumewe".

Huwa nawapa askari karatasi kubwa na kalamu za rangi, nawaambia wachore kambi watakayoilinda. Wanachora vizuri mno. Lango, mnara wa ulinzi, makao makuu ya kikosi, uwanja wa helikopta, barabara, mto. Nikimaliza kuwasifu nauliza vyoo viko wapi. Wanavichora, pembeni kabisa, vimejipanga. Taa? Hakuna. Mlango una komeo la ndani? Wanatazamana. Bomba liko wapi, linafunguliwa saa ngapi, na binti wa miaka 12 akipeleka ndoo mbili anapita njia gani? Kuni ziko upande upi?

Sajenti mmoja mtu mzima, aliyewahi kukaa Darfur, Sudan, alichukua kalamu nyekundu akachora mstari kutoka kwenye vibanda hadi nje ya karatasi, ukaishia mezani. Akasema, "Sisi doria yetu ilikuwa inatoka saa nne asubuhi. Wao walikuwa wanatoka alfajiri." Aliendelea kusimulia, sasa bila kuulizwa, kwamba walikuja kubadilisha saa baada ya akina mama wenyewe kuambiwa waseme wanaondoka saa ngapi. Doria za kuni Darfur si hadithi ya sajenti peke yake, zilianza tangu siku za askari wa Umoja wa Afrika huko, na siku zote zilifanikiwa au kushindwa kwa mambo madogo ya namna hiyo: saa, umbali wa askari kutoka kwa wanawake, na kama kuna aliyezungumza nao kabla.

Hapo nafika kwenye jambo linalotuhusu Watanzania peke yetu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama, kwa Azimio 2098, liliunda Kikosi cha Kujibu Mashambulizi ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka ule waasi wa M23 walishindwa, na huku kwetu kila kijiwe cha kahawa kilikuwa na mchambuzi wake wa kijeshi. Tukalia pia. Darfur, Julai 2013, vijana 7 wa Tanzania waliuawa kwa kuviziwa. Semuliki, huko huko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, kituo chetu kilishambuliwa usiku na wasiopungua 14 wakafa. Wenye kofia za bluu wana mama zao, na baadhi ya mama hao wako Kigoma na Tabora.

Askari wa Kitanzania akifika Beni anakuta watu wanaosema Kiswahili. Askari wa Pakistani au Uruguay anahitaji mkalimani, na mkalimani mara nyingi ni mwanaume, shemeji wa mtu, mpwa wa chifu. Mwanamke atasema nini mbele ya shemeji? Wa kwetu anaweza kumsikiliza mwenyewe, bila mtu katikati. Ni silaha ya ulinzi ambayo mataifa mengi hayana. Ila Kiswahili hicho hicho ndicho kinachotongozea. Anayeweza kuuliza bei ya mkate bila mkalimani anaweza kuuliza na mengine.

Na yameulizwa. Aprili 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba askari 11 wa Tanzania walikuwa wakituhumiwa kwa unyonyaji na udhalilishaji wa kingono Mavivi, karibu na Beni. Baadhi ya madai yalihusu watoto waliozaliwa. Juni 2023, kule Jamhuri ya Afrika ya Kati, kikosi chetu cha watu 60 kiliamriwa kuondoka baada ya uchunguzi kugusa askari 11 na waathirika wanne. Nikiyataja haya ukumbini, hewa inakuwa nzito, na kila mara kuna anayesema tunachafuliwa na wazungu. Namwambia mataifa mengi yamo kwenye orodha hiyo, ya Ulaya, Asia na Afrika, na kwamba kuwa wengi hakumsaidii yule binti.

Ninachotaka waelewe ni jinsi mambo yanavyokwenda baada ya tuhuma. Umoja wa Mataifa hauna mahakama ya kumfunga askari wa nchi mwanachama. Unaweza kuchunguza, kumrudisha kwao, na tangu Azimio 2272 la mwaka 2016 unaweza kurudisha kikosi kizima kama kuna ushahidi wa tabia iliyoenea. Kesi yenyewe ni ya nchi yake. Yaani binti wa Mavivi anategemea afisa aliyeko mbali mno, ambaye hatamwona, afungue jalada na kulifuatilia. Mtoto wake ataingia darasa la kwanza kabla jibu halijafika. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliteua mtetezi wa haki za waathirika, hatua nzuri, lakini matunzo ya mtoto hayatoki kwake. Yanatoka kwa baba.

Arusha ina somo ambalo huwa nalitumia kila mara, na sielewi kwa nini halimo kwenye slaidi za Watanzania. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda, ilianza katika mahakama ya kimataifa pale Arusha bila shtaka lolote la ubakaji. Halikuwepo kwenye karatasi. Mama mmoja, akitoa ushahidi wa mambo mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Jaji pekee mwanamke kwenye jopo, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa waliouliza zaidi. Shahidi mwingine naye akasema. Hati ya mashtaka ikarekebishwa mwaka 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, hukumu ya kwanza ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Watu walikuwa na ushahidi ule tangu 1994. Alikosekana wa kuwauliza.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya kipindi changu ni ya kuuliza. Askari wanakaa wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anajibu kama mama aliyekimbia. Maswali ya kwanza huwa ya kipolisi: jina, umri, nani kafanya, saa ngapi. Nawakatiza. Muulize amekula. Muulize watoto wako wapi sasa hivi. Usikae kati yake na mlango. Bunduki mwachie mwenzako. Kama hataki kusema leo, mwambie utakuwepo lini, na uwepo. Nikiwaambia kwamba wanaume nao hubakwa vitani, wanacheka. Karibu kila ukumbi kuna mmoja ambaye hacheki, na simtazami.

Wanawake askari? Wapo, wachache. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la asilimia 15 kwenye vikosi ifikapo mwaka 2028. India ilipeleka kikosi cha polisi wanawake peke yao Liberia kuanzia 2007 hadi 2016, na Waliberia wengi wanakikumbuka vizuri. Lakini sipendi mazoea ya kumpeleka mwanamke misheni kisha kumkabidhi dawati la jinsia, wanaume wapumue. Sajenti wa kalamu nyekundu hakuwa mwanamke.

Kuna pia wale wasichana wasioonekana wakati wa kukusanya silaha. Sierra Leone, ili uandikishwe kama mpiganaji aliyejisalimisha, mara nyingi ulitakiwa uje na bunduki na uonyeshe unaweza kuifungua na kuifunga. Wasichana waliobeba mizigo, waliopika, waliofanywa "wake" wa makamanda, hawakuwa na bunduki, wakarudi vijijini na watoto bila chochote. Na Warundi waliorejea kwao walikuta Katiba ya mwaka 2005 imewapa wanawake asilimia 30 ya viti bungeni na serikalini, jambo ambalo akina mama walilipigania tangu mazungumzo ya amani ya Burundi pale Arusha. Sheria ya mirathi haikuja. Mjane aliyezaa na kulea kambini Mtabila, Kasulu, alirudi kwenye shamba la marehemu mumewe akaambiwa na mashemeji kwamba ardhi hairithiwi na mwanamke. Wengine nilikuja kuwaona tena Kigoma, wamevuka upya. Karatasi zinawaita wakimbizi wa vita. Waliofukuzwa na mashemeji hawana jina kwenye karatasi.

Na vita vina upande wa nyumbani. Jirani yangu ni mke wa askari. Mume alipokuwa Kongo alikuwa anatuma pesa kila mwezi, na yule dada akanunua kiwanja Gungu, akasimamia mafundi, akapaua. Mume aliporudi, ugomvi wa kwanza ulikuwa rangi ya bati: nani kakuruhusu? Usiku alikuwa analala sakafuni, na pikipiki ikipiga kelele nje anashika ukuta. Dada akaniambia, "Mama, nimepokea mgeni." Yeye hakuitwa kwenye semina yoyote. Hakuna aliyemweleza kwamba mtu anaweza kurudi mzima wa viungo na bado akahitaji miezi ya kuzoea kelele, wala hakuna aliyemweleza mume kwamba mwanamke aliyejenga nyumba peke yake hawezi tena kuomba ruhusa ya kununua rangi. Kama tunamfundisha askari kuhusu wanawake wa Beni, tumfundishe na kuhusu wa Gungu.

Nimewaandikia wahusika pendekezo. Waalimu wa mada hii wawe akina mama wa Nyarugusu na wa vijiji vinavyoizunguka, kwa sababu wenyeji nao wana lao la kusema. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo badala ya kuhangaikia vibali vya akina mama, basi la askari ndilo liende Kasulu. Waende bila silaha. Wakae mahali watakapoelekezwa na kamati ya wanawake, wasikilize, wasizurure kwenye vibanda vya watu. Wabebe kuni kutoka zinakopatikana hadi jikoni, kila mmoja mzigo wake, kisha wapike maharage wangoje yaive. Mama atakayefundisha alipwe posho sawa na mkufunzi mwingine yeyote, siyo soda na shukrani.

Jibu la kwanza lilikuwa kuhusu mafuta ya basi. Nililitegemea, na barabara ya Kasulu siku hizi ni lami, hesabu yake ni ndogo. La pili lilitoka kwa afisa mmoja ninayemheshimu, alinipigia simu jioni.

"Mama, nikwambie ukweli. Je, tukiwapeleka kule, wakaanza kuomba namba za simu za mabinti?"

"Kamati itakuletea jina lake kabla hamjapanda basi kurudi," nilimwambia. "Utafanyaje?"

"Namtoa kwenye orodha ya safari."

"Basi andika hivyo kwenye barua, uisaini, tupange tarehe."

Barua hiyo bado naidai.